Kujifunza gitaa kwa anayeanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wanafunzi wapya na wazazi wao huniuliza karibu kila wiki. Nimeyajibu nikimfikiria mtu anayetaka kupiga nyimbo anazozijua tangu utotoni: za kanisani, za dansi, rumba, benga, chakacha. Majibu hayalingani urefu kwa sababu watu hawakwami kila mahali sawasawa. Ukiwa na nafasi ya kusoma jibu moja tu leo, soma lile la mkono wa kulia.

Nianze na gitaa kavu au la umeme?

Anza na lile ambalo utalishika kila siku. Gitaa kavu halidai spika, waya wala umeme; unalitoa ukutani na kukaa nalo uani hata kama umeme umekatika. Gitaa la umeme lina nyuzi nyembamba zisizoumiza sana vidole, lakini ukiongeza amplifaya na waya wake, gharama hupanda. Watu wengi husema ni lazima uanze na gitaa kavu ili vidole vikomae. Si lazima. Kama moyo wako uko kwenye solo za umeme na una uwezo wa kununua vyote, nunua la umeme na uanze.

Magitaa makavu yenyewe yako ya aina mbili, na hapa naomba usome polepole. Kuna yale ya nyuzi za nailoni, yenye shingo pana na sauti ya upole, na yale ya nyuzi za chuma, yenye shingo nyembamba na sauti kali zaidi. Kwa vidole vipya nailoni ni rahisi. Lakini usije ukafunga nyuzi za chuma kwenye gitaa lililotengenezwa kwa nailoni. Seti ya nyuzi za chuma huvuta kwa nguvu inayokaribia kilo 70, wakati nailoni huvuta kama kilo 40 tu. Gitaa la nailoni likibebeshwa mzigo huo, daraja (kile kipande cha mbao kilichogundishwa tumboni ambako nyuzi zimefungwa) hung'oka au shingo hupinda. Magitaa mengi mazuri yameharibika hivyo mikononi mwa watu waliotaka sauti kubwa.

Nimepata gitaa lililotumika kwa bei nzuri. Nilikague vipi?

Usilipe kabla ya kulishika. Kwanza liinue hadi usawa wa jicho na uitazame shingo kwa urefu wake, kama seremala anavyotazama ubao kabla ya kuupiga randa. Shingo iliyojipinda kama upinde au iliyojisokota upande mmoja haifai kwa anayeanza, hata kama bei ni ya kutupa.

Pili, angalia kimo cha nyuzi. Freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo, na huhesabiwa kuanzia upande wa kichwa. Nenda kwenye freti ya 12, pale shingo inapokaribia tumbo la gitaa, upime nafasi kati ya uzi mnene na freti. Kwa nyuzi za chuma, milimita 2 hadi 3 ni sawa; kwa nailoni hata 4 inavumilika. Zikipanda juu zaidi ya hapo utatumia nguvu nyingi kubonyeza, utaumia, na utaamini kwamba huna kipaji, kumbe tatizo ni gitaa. Hili ndilo linalowakatisha tamaa wanafunzi wengi kuliko jambo jingine lolote ninalolijua, ndiyo maana nalisisitiza.

Tatu, chukua kipande cha karatasi ujaribu kukipitisha chini ya daraja. Karatasi ikiingia, gundi imeanza kuachia.

Nne, bonyeza uzi mmoja mmoja kwenye kila freti na upige. Ukisikia mkwaruzo mahali pamoja tu, pengine freti hiyo imelika. Mwisho, gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, uupige, kisha uubonyeze hapohapo na kuupiga tena. Sauti hizo mbili zinatakiwa kulingana. Zikitofautiana sana, gitaa hilo litakuwa linatoka nje ya sauti kila ukipanda juu ya shingo, hata ulituni vipi, yaani hata ukirekebisha sauti za nyuzi namna gani.

Sina hela ya gitaa kabisa. Nifanye nini?

Azima. Kwaya nyingi zina gitaa linalolala kabatini kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na mwalimu wa kwaya akiona una nia atakuruhusu kuja kufanya mazoezi hapohapo. Wengine walianza na debe na waya. Franco Luambo, aliyekuja kuwa mmoja wa wapiga gitaa wakubwa kabisa wa Kongo, alipokuwa mtoto alijitengenezea gitaa la bati. Gitaa la namna hiyo halitakufundisha kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, lakini litakufundisha mapigo, na mapigo ni nusu ya kazi.

Nina zaidi ya miaka arobaini. Nimechelewa?

Hapana. Mtu mzima huelewa maelezo haraka na huwa na subira ya kurudia. Kinachomkosesha ni muda, na hilo tutalijibu chini.

Natumia mkono wa kushoto. Ninunue gitaa la kushoto?

Kama hujawahi kupiga kabisa, jaribu kwanza gitaa la kawaida kwa wiki chache. Mikono yote miwili ina kazi ngumu, hivyo wengi wa mkono wa kushoto huzoea bila shida, na faida yake ni kwamba utaweza kupiga gitaa lolote utakalolikuta popote. Ukiona mwili unakataa kabisa, tafuta gitaa la kushoto. Kugeuza tu nyuzi za gitaa la kawaida hakutoshi, kwa sababu mifereji inayokaa nyuzi kule karibu na kichwa imekatwa kwa unene wa kila uzi.

Nyuzi zinaitwaje, na nitunije?

Nyuzi ni sita. Huhesabiwa kuanzia ule mwembamba ulio chini kabisa ukiwa umelishika gitaa: huo ndio uzi wa 1, na ule mnene wa juu ni wa 6. Ukianzia mnene kwenda mwembamba, majina yake ni E, A, D, G, B, E. Wanafunzi wangu huyakumbuka kwa vyakula: Embe, Ananasi, Dafu, Gimbi, Bungo, Embe. Unaanza na embe na unamalizia na embe, kwa sababu uzi wa kwanza na wa sita vina jina moja, ila mmoja una sauti nzito na mwingine nyembamba.

Njia rahisi ya kutuni ni programu ya simu kama GuitarTuna. Weka simu karibu, piga uzi mmoja, kaza au legeza hadi ikuonyeshe kwamba umefika. Kaza polepole, hasa uzi wa 1, maana ndio hukatika. Na kama uzi umepita sauti yake, ushushe kwanza chini yake kidogo kisha upandishe tena hadi mahali pake. Uzi uliopandishwa hukaa, uliolegezwa huendelea kuteleza.

Hata hivyo jifunze pia kutuni kwa sikio, kwa sababu simu itakuzimikia siku moja jukwaani. Bonyeza uzi wa 6 kwenye freti ya 5: hiyo ndiyo sauti ya uzi wa 5 ukiwa wazi. Uzi wa 5 freti ya 5 unakupa wa 4. Wa 4 freti ya 5 unakupa wa 3. Hapa kuna tofauti moja: wa 3 unabonyezwa freti ya 4 ili kupata wa 2. Kisha wa 2 freti ya 5 unakupa wa 1. Sauti mbili zikiwa karibu lakini hazijakutana, utasikia mawimbi, wa-wa-wa. Kadiri unavyokaribia, mawimbi yanapungua kasi hadi yanatulia. Sikiliza mawimbi hayo. Sikio lililozoea kuyasikia litakusaidia maisha yako yote ya muziki.

Tuni kila unapolishika gitaa, hata kama ulilituni jana. Joto na unyevu hubadilisha sauti.

Vidole vinauma sana. Ni kawaida?

Ncha za vidole vya mkono wa kushoto zitauma kwa wiki mbili tatu za mwanzo, kisha ngozi itakomaa. Piga dakika kumi, pumzika, rudi baadaye. Usifanye mazoezi mara tu baada ya kufua au kuosha vyombo, kwa sababu ngozi iliyolowa hulainika na uzi huikata. Usibandue ngozi inayokomaa.

Maumivu ya kiwiko au kifundo cha mkono ni jambo jingine. Hayo si ya kuvumilia. Simama, angalia unavyokaa: mgongo umenyooka, bega limeshuka, dole gumba liko nyuma ya shingo bila kuikaba. Wengi hubonyeza kwa nguvu mara tatu ya inayohitajika.

Kila nikipiga, uzi unakwaruza au unakuwa bubu. Kwa nini?

Mara nyingi ni mahali unapobonyeza. Fanya jaribio hili: weka kidole cha shahada kwenye uzi wa 2, katikati kabisa ya nafasi iliyo kati ya freti mbili, upige. Sasa sogeza kidole taratibu kuelekea tumbo la gitaa, huku ukipiga, hadi kikaribie kabisa chuma cha freti bila kukipanda. Utasikia mkwaruzo unapotea, na utagundua kwamba nguvu unayohitaji imepungua sana. Hapo ndipo mahali pa kidole siku zote: nyuma tu ya freti.

Kama uzi ni bubu badala ya kukwaruza, basi kidole jirani kinaugusa. Simamisha vidole kwa ncha zake, viungo vikiwa vimekunjwa. Na hapa ndipo kucha zinapohusika: kucha za mkono wa kushoto lazima ziwe fupi. Za kulia unaweza kuziacha kidogo, zinasaidia kudonoa nyuzi.

Nianze na kodi zipi?

Vidole vya kushoto tunavipa namba: shahada ni 1, cha kati ni 2, cha pete ni 3, cha mwisho ni 4. Kodi za meja zina sauti ya uchangamfu, za maina zina huzuni kidogo. Anza hivi.

Em (E maina): kidole cha 2 kwenye uzi wa 5 freti ya 2, kidole cha 3 kwenye uzi wa 4 freti ya 2. Piga nyuzi zote sita. Hii ndiyo kodi rahisi kuliko zote.

Am: kidole cha 1 uzi wa 2 freti ya 1, kidole cha 2 uzi wa 4 freti ya 2, kidole cha 3 uzi wa 3 freti ya 2. Anza kupiga kutoka uzi wa 5.

C: kidole cha 1 uzi wa 2 freti ya 1, kidole cha 2 uzi wa 4 freti ya 2, kidole cha 3 uzi wa 5 freti ya 3. Piga kutoka uzi wa 5.

G: kidole cha 2 uzi wa 6 freti ya 3, kidole cha 1 uzi wa 5 freti ya 2, kidole cha 3 uzi wa 1 freti ya 3. Zote sita.

D: kidole cha 1 uzi wa 3 freti ya 2, kidole cha 2 uzi wa 1 freti ya 2, kidole cha 3 uzi wa 2 freti ya 3. Piga nyuzi nne tu, kuanzia wa 4.

Usizibebe zote tano kwa mara moja. Chukua Am na C. Zitazame tena hapo juu: kidole cha 1 na cha 2 viko palepale kwenye kodi zote mbili. Kinachohama ni kidole cha 3 peke yake, kutoka uzi wa 3 freti ya 2 kwenda uzi wa 5 freti ya 3. Wanafunzi wengi huinua mkono mzima na kuanza kutafuta kodi upya, kumbe wangeacha vidole viwili vikiwa vimekaa. Kila unapojifunza kodi mpya, uliza kwanza: kipi hakihitaji kuhama?

Mkono wa kulia ufanye nini?

Hapa ndipo muziki wetu ulipo, na hapa ndipo wanaoanza huwa hawapaangalii. Macho yote yako kwenye mkono wa kushoto. Kodi ikikawia kukaa, mkono wa kulia unasimama kuingoja. Wimbo unakatika. Mtu anayecheza anasimama mguu mmoja juu. Ukikosea kodi moja huku mapigo yakiendelea, wengi hawatatambua. Ukipatia kodi zote huku mapigo yakikatika, kila mtu atatambua. Kwa hiyo kanuni ninayowapa wote ni moja: mkono wa kulia hausimami. Kodi ikichelewa, acha mkono upige nyuzi zilizo wazi, au hewa, lakini usisimame.

Anza bila kodi kabisa. Laza vidole vya kushoto juu ya nyuzi bila kuzibonyeza ili zitoe mlio mkavu wa "cha". Hesabu: moja na mbili na tatu na nne na. Mkono unashuka kwenye kila namba na kupanda kwenye kila "na". Fanya hivyo hadi uweze kuongea na mtu huku mkono ukiendelea.

Sasa anza kuchagua mapigo yanayogusa nyuzi na yanayopita hewani. Mtindo wa kwanza wa kujifunza ni huu: chini kwenye moja, chini na juu kwenye mbili na, hewani kwenye tatu, juu kwenye "na" ya tatu, chini na juu kwenye nne na. Pigo la tatu ndilo linalowashinda wengi, kwa sababu mkono unashuka bila kugusa uzi. Usiuzuie. Uache ushuke.

Mtindo wa pili ni wa rumba. Hesabu nane sawasawa na utie nguvu kwenye ya kwanza, ya nne na ya saba: MOJA mbili tatu NNE tano sita SABA nane. Tatu, tatu, mbili. Namba zisizogawanyika kwa mbili mkono unashuka, zinazogawanyika unapanda. Kwa hiyo nguvu itaangukia chini, juu, chini. Sikiliza rekodi yoyote ya rumba ya Kongo au ya bendi zetu za dansi za miaka ya 1960 na 1970, utaukuta mgawanyo huo kwenye vijiti, au kwenye gitaa la rizimu, lile linaloshikilia kodi. Chakacha na nyimbo nyingi za pwani, kwa upande wao, huhesabiwa sita: MOJA mbili tatu NNE tano sita.

Mtindo wa tatu si wa kukung'uta nyuzi kwa pamoja bali wa kudonoa uzi mmoja mmoja, na ndio uliolipa gitaa la Afrika Mashariki na Kati sura yake. Katika Katanga, kusini mwa Kongo, ya miaka ya 1950 walikuwepo wapigaji kama Jean-Bosco Mwenda na Edouard Masengo, waliokuwa wakiimba kwa Kiswahili na kupiga kwa dole gumba na kidole cha shahada tu. Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka akirekodi muziki wa Afrika, alimrekodi Mwenda mwaka 1952, na rekodi zake zikasikika hadi Kenya, ambako vijana wa magharibi kama George Mukabi walikuwa na mtindo wao wa vidole. Dole gumba linashika besi, sawasawa kila pigo. Kidole cha shahada kinajaza wimbo katikati ya mapigo hayo. Shika kodi ya C. Kwa dole gumba piga uzi wa 5, kisha wa 4, kisha wa 5, kisha wa 4, bila kuchoka. Dole gumba likishazoea kwenda lenyewe, donoa uzi wa 2 kwa shahada katikati ya kila pigo. Baadaye badilisha: mara uzi wa 2, mara wa 3, mara wa 1. Siku utakayosikia watu wawili wakipiga ilhali uko peke yako, umeshaupata.

Huna haja ya mashine ya kuhesabu mapigo. Kwenye rekodi nyingi za wale wapigaji wa Kenya kuna mtu anagonga au kukwaruza chupa ya soda. Mpe ndugu yako au mtoto chupa tupu na kijiko, agonge sawasawa, wewe mfuate. Mtu wa chupa humkamata anayekimbia haraka kuliko mwalimu yeyote.

Nitumie piki au vidole?

Piki ni kile kipande kidogo cha plastiki cha kupigia. Kwa solo ya umeme na kukung'uta kwa nguvu, piki. Kwa mtindo wa Katanga, vidole. Jifunze vyote viwili, ila miezi ya kwanza dole gumba tupu linatosha kwa kukung'uta. Usipigie sarafu, inakula nyuzi.

Kodi F imenishinda.

Imewashinda wengi kwa muda, kwa sababu F kamili inataka kidole cha shahada kilale juu ya nyuzi zote sita. Usiifanye kuwa geti la kukuzuia usipite. Piga kwanza F ndogo: kidole cha 1 kilale juu ya nyuzi mbili tu, wa 1 na wa 2, freti ya 1, kidole cha 2 uzi wa 3 freti ya 2, kidole cha 3 uzi wa 4 freti ya 3. Piga nyuzi nne. Hata hiyo ikiwa ngumu, hamisha wimbo kwenye ufunguo wa G, yaani G iwe ndiyo do ya wimbo, ambako F haihitajiki kabisa.

Ninajua sol-fa za kwaya. Zitanisaidia?

Sana, kuliko unavyodhani. Kama unaimba kwaya na unasoma do re mi, tayari unajua nadharia ambayo wengine hulipia. Nyimbo nyingi mno zinasimama juu ya kodi tatu: ya do, ya fa na ya so. Ukiwa ufunguo wa C, hizo ni C, F na G. Ukiwa G, ni G, C na D. Ukiwa D, ni D, G na A. Kodi ya la ndiyo maina inayojitokeza mara nyingi: Am ukiwa C, Em ukiwa G.

Kutafuta kodi za wimbo usioandikwa popote, imba wimbo, sikiliza ile sauti ya mwisho ambapo wimbo unatua na kupumzika. Mara nyingi hiyo ni do. Itafute kwenye uzi wa 6 au wa 5, na kodi zake tatu ziko mkononi mwako.

Lini nianze kupiga solo za Kikongo?

Ukishaweza kushikilia rizimu ya wimbo mzima bila kukatika, anza. Kwenye bendi za rumba magitaa hugawana kazi: rizimu inashikilia kodi, mi-solo inarudia kipande kifupi kinachozunguka, solo inaongoza. Sebene, ile sehemu ambapo waimbaji wanaachia magitaa na watu wanacheza, inategemea vipande hivyo vitatu kuingiliana bila kugongana. Kwenye benga, ambayo ilizaliwa kwa Waluo gitaa likifuata nyendo za nyatiti yao ya nyuzi nane, solo hujibizana na mwimbaji: akimaliza mstari, gitaa linaurudia.

Siri moja ya sauti ile ya Kikongo ni kupiga nyuzi mbili kwa pamoja, sauti moja ikiwa imerukwa katikati yake: do na mi, re na fa, mi na so. Jaribu kwenye ufunguo wa C, ukitumia uzi wa 2 na wa 1 tu. Nitaandika freti ya uzi wa 2 kwanza, kisha ya uzi wa 1: 1 na wazi, 3 na 1, 5 na 3, 6 na 5, 8 na 7, 10 na 8, 12 na 10, 13 na 12. Panda, shuka, kisha anza kuruka. Mtu akikupigia C kwa rizimu ya tatu-tatu-mbili huku wewe ukitembea humo, utasikia kitu unachokijua.

Halafu sikiliza sana. Nico Kasanda, Franco, na kwetu Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki 1979 na ambaye solo zake bado zinafundisha. Chagua kipande cha sekunde chache, ukiimbe kwa mdomo kwanza hadi ukipatie, ndipo ukitafute kwenye shingo.

Nifanye mazoezi muda gani kwa siku?

Dakika ishirini kila siku ni bora kuliko saa tatu Jumamosi. Vidole hujifunza kwa kurudiarudia na kulala. Usilifunge gitaa kwenye begi juu ya kabati. Liache mahali unapoliona ukipita. Gawa muda wako: kutuni, mkono wa kulia, kuhama kati ya kodi mbili polepole, kisha wimbo. Usikose wimbo hata siku moja, hata kama unauharibu.

Naweza kujifunza bila mwalimu?

Unaweza, na wengi wa wale wapigaji wakubwa wa zamani walijifunza kwa kutazama mikono ya wenzao. Video za mtandaoni zinasaidia kwa kodi na mazoezi. Ambacho video haiwezi ni kukuona: haitakuambia kwamba bega lako limepanda au mapigo yako yanakimbia. Kwa hiyo hata kama huna mwalimu wa kudumu, kaa na mpigaji mwingine mara kwa mara. Wanaotaka masomo ya darasani wanaweza kuuliza Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, Dhow Countries Music Academy ya Zanzibar, au Kenya Conservatoire of Music ya Nairobi.

Mtoto wangu ana miaka saba. Ni mapema?

Si mapema, ila mpe gitaa la ukubwa wake. Yapo ya nusu na ya robo tatu. Chagua la nailoni. Mwanzoni mwache apige uzi mmoja mmoja na kuimba. Kodi kamili zinaweza kungoja.

Nyuzi nibadilishe lini? Nakaa pwani.

Ukikaa Tanga, Mombasa au Unguja, hewa ya chumvi na jasho hula nyuzi za chuma haraka. Zikianza kuwa nyeusi, kukwaruza kidole au kupoteza mlio, zibadilishe. Baada ya kupiga, zifute kila mmoja kwa kitambaa kikavu, juu na chini. Hilo peke yake linaongeza maisha yake sana. Ukinunua seti ya gitaa kavu la chuma, omba nyepesi, namba 10 au 11, siyo 13. Na usiliache gitaa ndani ya gari lililoegeshwa juani, gundi hulainika.

Mwimbaji anasema wimbo uko chini mno kwake. Nitahamaje?

Tumia kapo, kibanio kinachofungwa kwenye shingo na kubana nyuzi zote. Kila freti unayopanda inaongeza nusu toni, huku wewe ukiendelea kushika kodi zilezile. Kapo freti ya 2: kodi zako za G zinasikika A, za C zinasikika D. Kapo freti ya 4: G zinakuwa B, C zinakuwa E. Wapigaji wa zamani wa gitaa kavu walifunga penseli kwa kamba au mpira juu ya nyuzi, na njia hiyo bado inafanya kazi: tafuta penseli ngumu, ilaze nyuma tu ya freti, ifunge kwa mpira wenye nguvu ukizungusha mara kadhaa, kisha utuni upya kabla mwimbaji hajaanza.